Barua ya wazi kwa wakubwa wa mkoa wa Tabora: nishati safi imefika jikoni, kwenye bani la kukaushia tumbaku itafika lini?

Waheshimiwa, shikamooni. Na kwa wale wa huku kwetu, mwangaluka.

Naandika kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, wakuu wa wilaya zetu, wakurugenzi wa halmashauri, wabunge wetu, wenye dhamana ya kilimo na misitu na mazingira kule Dodoma, na nyie wote mnaokaa vikao vya tumbaku kila mwaka kupanga makisio ya kilo za kulimwa na bei. Mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Sio mwanaharakati, sijatumwa na wapinga sigara, tumbaku ndo imesomesha watoto wangu na ndo imeezeka bati nyumba ninayolala, kwa hiyo asije akatokea mtu akasema huyu ana chuki na zao au hajui anachoongea. Najua. Na kwa sababu najua ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Tumesikia kampeni ya nishati safi ya kupikia na tumeielewa vizuri sana. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa mwisho wa kuni na mkaa ni tarehe 31 Januari 2024, shule, magereza, kambi, wote. Mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa, lengo ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya gesi imegawiwa, mama lishe wamepewa majiko, picha tumeziona. Hongereni, sina neno baya hapo, moshi wa jikoni unaua mama zetu na kila mtu anajua.

Ila jamani hivi hamna hata mmoja wenu aliyejiuliza kuhusu bani? Sufuria la shule likikaa motoni saa mbili tatu ugali umeiva, watoto wamekula, moto umezimwa. Bani la tumbaku linawaka wiki nzima mchana na usiku bila kuzimwa, likimaliza linafunguliwa, linapakiwa jani lingine, linawashwa tena, hivo hivo kuanzia Januari mpaka Aprili huko, na sio bani moja, kila kaya inayolima ina lake na wengine wanayo matatu manne. Mkoa wetu ndo unaongoza kwa tumbaku nchini. Sasa mnampelekea mtungi wa gesi mama anayechoma kuni mbili tatu, halafu nyuma ya nyumba yake hiyohiyo kuna jengo linalomeza matela ya kuni na hakuna mkakati wowote niliosikia unaolitaja. Mimi naona hapa tumefunga dirisha tukaacha mlango.

Kwa wale ambao tumbaku wameiona kwenye pakiti tu ngoja nielezee kidogo maana naona wengi mnaopitisha maamuzi hamjawahi kulala bani. Jani linachumwa likiwa limekomaa, linaanza la chini, wiki nyingine linalofuata, ndo maana bani linapakiwa mara nyingi. Linashonwa kwenye fito, fito zinapangwa juu mpaka kwenye kenchi. Chini kuna tanuri, moto hauligusi jani, joto linapita kwenye bomba la chuma linalozunguka sakafuni na moshi unatokea nje. Siku za mwanzo moto ni mdogo, unataka jani liive rangi, liwe la njano. Ukishaipata njano unapandisha taratibu likauke ubapa, na mwisho unatia moto mkali kabisa, kipimajoto kinafika kama nyuzi 70, ili ule uti wa katikati ukauke, maana uti ukibaki na maji hata kidogo mtumba wote utaota ukungu.

Sasa hapo usiku wa manane ukipitiwa na usingizi moto ukashuka, basi. Jani linageuka rangi, ile njano ya pesa inakuwa kahawia, ukifika sokoni klasifaya anakupa gredi ya aibu na deni la mbolea liko palepale. Kwa hiyo hakuna mkulima anayecheza na kuni. Hutaki vijiti, unataka gogo la miti yetu ya porini, la mtundu au la miyombo, nene kama kiuno cha mtu mzima, ukilisukuma tanurini saa nne za usiku linakufikisha alfajiri. Mti wa namna hiyo haujaota juzi. Na bani lenyewe limejengwa kwa miti, na chanja za kuanikia, na fito, vyote porini.

Zamani, nikisema zamani sio enzi za Mirambo, nasema wakati sisi tunasoma shule ya msingi, kuni zilikuwa nyuma ya shamba. Unakata ukifyeka shamba jipya, zinatosha na kubaki. Maana na tumbaku nayo haikai sehemu moja, ardhi inachoka na minyoo ya mizizi inaingia, misimu miwili mitatu unahamia kwenye pori bichi. Siku hizi trekta linaondoka asubuhi linarudi jioni, na linakozifuata watu wanajua ni wapi, ni mpakani mwa hifadhi au ndani kabisa. Anayekamatwa ni nani? Ni kijana wa trekta na mkulima aliyemtuma. Analipa faini, kuni zinataifishwa, na bani linamsubiri na jani limeshashonwa. Sijawahi kusikia mnunuzi wa jani ameulizwa hii tumbaku yako nzuri ya njano imekaushwa kwa msitu gani.

Hapo ndo penye kiini cha barua yangu, waheshimiwa, naomba mpasome vizuri. Chukueni karatasi ya mkopo wa pembejeo ya mkulima yeyote kwenye chama chochote cha msingi cha ushirika. Mtakuta mbolea, mifuko mingapi. Mtakuta mbegu, dawa ya wadudu, dawa ya vikonyo, kamba, majunia ya kufungia mitumba. Vingine vimewahi kuhesabiwa kwa dola kabisa. Tafuteni kuni. Haipo. Kitu ambacho bila hicho hakuna hata kilo moja ya tumbaku ya mvuke, hii ya kukaushwa banini, inayoweza kuuzwa hakina mstari kwenye karatasi, hakina bei, hakina mwenye kukidai. Maana yake pembejeo zote zinalipiwa isipokuwa moja, na hiyo moja inatolewa na msitu wa Tabora bure. Bei ya jani inapopangwa kule kwenye vikao gharama ya kuni wanaiweka kama jasho la mkulima tu, kukata na kusomba, thamani ya mti wenyewe ni sifuri. Ndo maana tumbaku yetu inaonekana ina faida. Ingekuwa mti unalipiwa sijui faida ingebaki kiasi gani na ningependa mtu wa mahesabu atufanyie hiyo hesabu hadharani.

Haya sio ya kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani kwenye siku ya kutotumia tumbaku ya 2022, tarehe 31 Mei, lilisema miti kama milioni 600 inakatwa kila mwaka duniani kwa ajili ya sigara. Na tathmini ya misitu ya nchi yetu ilishasema Tanzania ina hekta kama milioni 48.1 za misitu na zinapotea zaidi ya hekta 460,000 kila mwaka. Sisemi zote ni tumbaku, nitakuwa muongo. Kuna mkaa, na mafuso ya mkaa yanapita usiku tunayaona, kuna mashamba ya mahindi, kuna ng'ombe wengi walioingia, kuna moto kichaa wa Agosti na Septemba ambao kila mtu anasema hajauwasha. Na sisi wafuga nyuki wa hukuhuku tuna dhambi zetu, mzinga wa gome unauvua mti ngozi yake na mti unakufa umesimama. Ila katika hivyo vyote tumbaku ndo zao pekee lenye mkataba, lenye bodi, lenye makisio, lenye daftari la kila mkulima na kila kilo. Mkaa mnaukimbiza porini usiku hamjui ni wa nani. Tumbaku mna jina, namba na sahihi. Ndo sehemu rahisi kuliko zote kuanzia na ndo sehemu ambayo hamjaanza.

Halafu Urambo sisi tuna historia, na nashangaa kwa nini haizungumzwi kwenye semina za mazingira. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na Mradi wa Karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakafunga mnyororo mkubwa kati ya trekta na trekta wakawa wanang'oa miti kama wanafagia. Hawakuuliza mtu wa hapa mvua inanyesha lini wala udongo ukikauka unakuwaje. Walipokuja kufunga kitabu mwanzoni mwa 1951 zilikuwa zimeteketea kama pauni milioni 36 za pesa ya walipakodi wao, na karanga walizovuna inasemekana hazikufikia hata zile walizonunua za mbegu. Kwetu ukiangalia kilichofuata ni nini? Tumbaku. Ndo ilishika kwenye yale mapori yaliyokwishafunguliwa, baadaye ikasambaa Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingine. Karanga iliua msitu kwa miaka minne kwa kelele ikaondoka, vitabu vikaandikwa kulaumu. Tumbaku inaendelea zaidi ya miaka 70 kimyakimya gogo kwa gogo na kila mwaka tunapeana vyeti vya mkulima bora.

Najua mtajibu nini. Mtajibu tunapanda miti. Kweli mnapanda, mnapanda sana. Kila halmashauri imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tabora tuna halmashauri nane, zidisha mwenyewe, ni miti milioni 12 kila mwaka ndani ya mkoa mmoja. Kwa hesabu hiyo saa hizi tungekuwa tunapishana na chui sokoni. Iko wapi? Nauliza kwa heshima, maana mimi naona ripoti, miti siioni.

Nitawaambia iko wapi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa Kilimanjaro au Dar labda ni sawa, masika ndo yanaingia. Kwetu Tabora mvua inaanza Novemba na mwisho wa Aprili imekwisha. Mche unaoingizwa ardhini tarehe 1 Aprili unapata mvua wiki tatu nne, halafu unakutana na kiangazi mpaka Novemba, katikati hapo kuna mbuzi, kuna ng'ombe, kuna moto. Kiongozi amefika na msafara, shimo limeshachimbwa na mtu mwingine, anaweka mche, anapigwa picha na tisheti ya kijani, anaondoka. Mwaka wa juzi nilipita kwenye ofisi ya chama kimoja cha msingi nikakuta viriba vya miche ya mikaratusi vimepangwa ukutani juani, udongo umekauka umeachana na kiriba, majani yamejikunja. Nikauliza, nikajibiwa ilikuja imechelewa wakulima wako bize na bani hawana muda wa kupanda. Na kweli, nani atapanda mti Machi wakati jani linawaka? Lakini nina hakika kwenye ripoti ile miche imeandikwa imegawiwa, na iliyogawiwa ikahesabika imepandwa, na iliyopandwa ikahesabika ni msitu.

Na hata ingeota, mkaratusi sio mtundu. Utatupa kuni sawa, na mimi siukatai, tena kuni ya shambani ni bora kuliko kwenda kuiba porini. Ila chini ya mkaratusi huokoti uyoga mvua za kwanza zikinyesha. Hupati ntalali wala mbula wala matonga, matunda ya porini ambayo sisi tumekulia. Nyuki wanaochukua kwenye mtundu na miyombo ndo wametupa ile asali ambayo ukienda popote nchini ukisema asali ya Tabora huulizwi swali la pili. Bibi anayeanika uyoga na kuuza kopo kwa kopo stendi hana bodi, hana makisio, hana mbunge wa uyoga. Msitu ukikatwa yeye anapoteza kazi na hakuna mahali pa kuandika hasara yake.

Maji nayo. Tabora mjini tulikuwa tunategemea bwawa la Igombe, ikafika mahali halitoshi, serikali ikavuta bomba kutoka Ziwa Victoria mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Kazi kubwa, tunashukuru. Maji tumevuta Victoria, sasa kuni tutavuta wapi? Na mito ya huku kusini na magharibi yetu inaingia Ugalla, Ugalla inaingia Malagarasi, Malagarasi inakwenda kumwaga Ziwa Tanganyika, ile ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ni ya kwanza nchini kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Udongo ukifunuliwa Urambo tope lake haliishii Urambo, ndugu zetu wa Kigoma wanalipokea bila kuvuta hata sigara moja ya hela yetu.

Sasa mniulize nataka nini. Sitaki mpige marufuku tumbaku kesho asubuhi, mkifanya hivo mtatuua na njaa na vijana watahamia kwenye mkaa mazima, itakuwa mbaya zaidi. Wala sisemi mlete mitungi ya gesi bani.

Nataka kuni iingie kwenye karatasi. Mkataba wa kununua jani usisainiwe mpaka ionekane kuni ya kukaushia hizo kilo inatoka wapi, kwenye shamba la nani, na ilipiwe kwa kilo kama mbolea inavyolipiwa, na wa kulipa awe ni mnunuzi kupitia bei, sio tena mkulima akatwe juu ya makato mengine, maana najua mtindo wenu, kila kitu kizuri kikija huwa kinaishia kuwa makato. Hela hiyo ikae kijijini. Mabani ya kisasa yanayokula kuni kidogo yapo, tumeyaona kwenye mashamba darasa, wataalamu wamekuja wameelezea wakaondoka, lakini mabomba na matofali yake mkulima ajitafutie mwenyewe. Mbona mbolea mnatukopesha? Bani nalo likopesheni kwa misimu mitatu minne, lirudishwe kidogokidogo sokoni, mtaona kama kuna mtu atakataa kitu kinachompunguzia safari za trekta.

Miche ije Novemba mwisho, Desemba mwanzo. Hii haihitaji bajeti, inahitaji kalenda. Hiyo tarehe 1 Aprili nyie endeleeni na sherehe lakini Tabora iitumie kukagua ile iliyopandwa Desemba, mheshimiwa badala ya kuchimbiwa shimo atembezwe kuhesabu iliyo hai. Na ripoti ya halmashauri iandike miti iliyofikisha miaka miwili, ile ya kugawiwa tusiisikie tena.

Halafu kuna kitu cha bure kabisa ambacho wazee wanakijua na wataalamu wa misitu nao wanakijua ila hakina picha nzuri ya kupiga ndo maana hakifanyiki. Miombo, hii miti yetu ya porini, ukiikata haifi. Kisiki kinachipua chenyewe, mizizi ipo chini, kina nguvu kuliko mche wowote wa kwenye kiriba. Kinachokiua ni moto wa kila mwaka na ng'ombe na jembe. Kijiji kikitenga eneo, kikaweka sheria ndogo, kikakata barabara ya moto, kikaliacha, pori linarudi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Vijiji vingi tatizo ni hela ya kupima, ramani, vikao, na kuwalipa vijana wa doria hata posho ya buti. Ile hela ya kuni ya kwenye mkataba ndo ingefanya kazi hii.

Nasikia pia tunapongezwa kwamba uzalishaji wa tumbaku nchini umepanda sana miaka hii na wanunuzi wameongezeka. Ni kweli na bei imekuwa nzuri, sitaki kuwa mnafiki, hata mimi nimefurahi. Ila kila tani mnayoongeza kwenye makisio ina matela ya kuni nyuma yake, na kwenye vikao vyenu sijawahi kusikia mtu anasimama kuuliza tani hizi mpya zitakaushwa na nini. Mnapanga kilo kana kwamba jani linakauka kwa maombi.

Makisio ya msimu ujao yanakuja. Fomu za pembejeo zitachapishwa upya kama kila mwaka. Kabla hazijachapishwa naomba mwongeze mstari mmoja tu chini ya majunia, muandike KUNI, muweke kiasi, bei, na mlipaji. Mkiona haiwezekani basi njooni mtuambie mkutanoni ni nani aliyekataa na kwa sababu gani, tutawasikiliza, viti tunavyo.

Wenu,
Mkulima wa tumbaku, Urambo, Tabora